Tata katika maisha ya kila siku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jina la Tata utalikuta kwenye lori linalopanda mlima Kitonga, kwenye pakiti ya chumvi jikoni Mumbai, kwenye vito vya dhahabu madukani Dubai, na nyuma ya majani ya chai kwenye kabati la mtu anayeishi Leicester. Maswali yaliyo hapa chini ni yale ambayo wanunuzi, madereva, wagonjwa na watafuta ajira huuliza zaidi. Karibu yote yanarudi kwenye jambo moja: Tata si kampuni moja. Ukijua ni kampuni ipi hasa iliyotengeneza kitu ulichokishika, utajua wa kumdai na wa kumlalamikia.

Tata ni nini hasa?

Ni kundi la kampuni 30 hivi. Juu yao imekaa Tata Sons ya Mumbai, kampuni mama inayomiliki hisa katika kila moja na kulilinda jina. Chini yake, Tata Steel hufua chuma, Tata Consultancy Services (TCS) hutengeneza na kuendesha mifumo ya kompyuta, Titan huuza saa na vito, Trent huuza nguo kwenye maduka ya Westside na Zudio, Voltas hutengeneza viyoyozi, Tata Power huzalisha umeme, na Indian Hotels huendesha hoteli za Taj. Katika mwaka wa fedha 2023–24 mapato ya kundi zima yalipita dola bilioni 165, na wafanyakazi wake ni zaidi ya milioni moja.

Kila kampuni ina bodi yake, hesabu zake na madeni yake. Kisheria, TCS haiwajibiki kwa lori bovu la Tata Motors, wala Tata Motors haiwajibiki kwa pete ya Titan.

Nani anaimiliki? Ni kweli faida yote huenda kwa maskini?

Si yote. Asilimia 66 ya hisa za Tata Sons inamilikiwa na mifuko ya hisani ya familia ya Tata, mikubwa zaidi ikiwa Sir Ratan Tata Trust ya mwaka 1919 na Sir Dorabji Tata Trust ya 1932. Familia ya ujenzi ya Shapoorji Pallonji inashika asilimia 18 na ushei. Waliobaki ni kampuni za kundi lenyewe na wanafamilia wachache.

Ifuatilie rupia uone inavyosafiri. TCS ikitoa gawio la rupia 100, karibu rupia 72 huingia Tata Sons kwa sababu hicho ndicho kiwango chake cha hisa. Nyingine huenda kwa wanahisa wa sokoni. Tata Sons hutumia sehemu kubwa ya fedha hizo kulipa madeni na kuanzisha biashara mpya. Inapoamua kutoa gawio lake yenyewe, ndipo rupia 66 katika kila 100 zinapofika kwenye mifuko ya hisani, na mifuko hiyo hugharimia hospitali, masomo, maji na utafiti. Kwa hiyo anayesema "Tata hutoa asilimia 66 ya faida yake sadaka" anachanganya umiliki na faida. Hata hivyo mpangilio wenyewe ni wa kipekee. Ni makundi machache duniani ya ukubwa huu ambayo mwenye nayo mkuu ni mfuko wa hisani.

Angalizo kuhusu majina: Sir Ratan Tata aliyeacha mali yake kwa mfuko huo alifariki mwaka 1918. Ratan Tata aliyeongoza kundi kuanzia 1991 hadi 2012 ni mtu mwingine. Alifariki tarehe 9 Oktoba 2024, na uenyekiti wa mifuko ukaenda kwa Noel Tata. Mwenyekiti wa Tata Sons tangu 2017 ni N. Chandrasekaran.

Ilianzaje?

Jamsetji Tata alizaliwa Navsari, Gujarat, mwaka 1839, katika jamii ya Waparsi, Wahindi wa dini ya Zoroasta wenye asili ya Uajemi, jamii ambayo hata Zanzibar ilikuwa na watu wake na hekalu lake la moto. Mwaka 1868 alifungua kampuni ya biashara Bombay kwa mtaji wa rupia 21,000. Kiwanda chake cha nguo cha Empress Mills kilianza 1877, naye alikijenga Nagpur badala ya Bombay walikojazana wenzake, kwa sababu Nagpur ilikuwa karibu na mashamba ya pamba, makaa ya mawe na reli. Hoteli ya Taj Mahal ilifunguliwa Bombay Desemba 1903. Alifariki mwaka uliofuata bila kuona chuma chake: kampuni ya chuma iliandikishwa 1907 na kufua chuma cha kwanza mwaka 1912, mahali ambapo leo ni jiji la Jamshedpur. Mwaka huohuo wa 1912 kiwanda kilianza kufuata siku ya kazi ya saa nane.

Pikipiki za Boxer, bajaji, TVS na mtandao wa Airtel navyo ni vya Tata?

Hapana, hata kimoja. Boxer na bajaji zinatoka Bajaj Auto ya Pune. TVS ni kampuni ya kusini mwa India inayojitegemea. Airtel ni ya kundi la Bharti, lililoingia Afrika mwaka 2010 kwa kununua mtandao wa Zain. Mahindra nayo ni kundi jingine kabisa. Linalozichanganya machoni mwa watu ni kwamba zote ni za Kihindi na mara nyingi zinauzwa mtaa mmoja.

Nitajuaje kampuni inayowajibika kwa bidhaa niliyonunua?

Geuza pakiti. Sheria ya India inataka bidhaa iliyofungashwa ionyeshe jina kamili na anwani ya mtengenezaji, uzito halisi, mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na namba ya huduma kwa wateja. Usiishie kwenye nembo. Soma jina lote. "Tata Consumer Products Limited" na "Tata Chemicals Limited" ni kampuni mbili tofauti. Chakula kiwe pia na namba ya leseni ya FSSAI, mamlaka ya usalama wa chakula ya India, yenye tarakimu 14. Bei ya MRP iliyochapwa ni ya juu kabisa inayoruhusiwa ndani ya India, kodi ikiwa ndani yake. Haimfungi mwenye duka wa Dar es Salaam au Nairobi.

Kwenye barua au mkataba, tafuta namba ya usajili ya kampuni, inayoitwa CIN kwa kifupi, yenye herufi na tarakimu 21. Kampuni ya India isiyoiweka kwenye barua zake rasmi inatia shaka. Kwa bidhaa zilizoletwa Afrika Mashariki, anayewajibika kwanza ni aliyekuuzia na aliyeagiza, kwa hiyo risiti yenye jina lao ina thamani kuliko nembo.

Namba za malori ya Tata, kama LPT 1613, zina maana gani?

Zina maana sana, na anayezielewa hauziwi gari lisilomfaa. Tata Motors ilianza 1945 kwa kutengeneza vichwa vya treni, kisha 1954 ikaanza malori kwa ushirikiano na Daimler-Benz ya Ujerumani. Mtindo wa majina ulibaki ule wa Kijerumani.

Herufi ya mwisho hueleza kazi ya gari: LPT ni lori la mizigo, LPK ni tipa, LPS ni kichwa cha kuvuta semi, LPO ni chasisi ya basi. Tarakimu mbili za mwisho, ukizizidisha kwa kumi, ni nguvu ya injini kwa kadirio. Zilizotangulia ni uzito wa jumla kwa tani. LPT 1613 ni lori la tani 16 lenye nguvu farasi 130 hivi. LPK 2518 ni tipa la tani 25 lenye 180. LPT 613 ni la tani 6.

Tani hizo si za mzigo. Ni gari, bodi, mafuta, dereva na mzigo kwa pamoja. Likipimwa 1613 lako tupu, bodi ikiwa juu, mizani ikaonyesha tani 6, basi mzigo wake ni tani 10, basi. Hapa ndipo wengi wanapojiumiza. Sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani na tani 10 kwenye ekseli ya nyuma yenye matairi manne, jumla 18. Lori la tani 16 linaweza kupita mizani bila faini huku limezidishwa tani 2 kuliko lilivyoundwa. Gharama inakuja baadaye: springi zinakatika jani moja moja kuanzia la juu, klachi inaungua kwenye milima, ngoma za breki zinapasuka kwa joto.

Ni uangalizi gani unaopuuzwa zaidi kwenye malori haya?

Maji kwenye matangi ya upepo. Breki za upepo huvuta hewa, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Kompresa ikiibana, unyevu unageuka maji na kutuama chini ya tangi. Fungua koki za chini kila jioni baada ya kazi, tangi moja baada ya jingine, hadi itoke hewa kavu. Likitoka tone la maji safi, ni kawaida. Ikitoka rojo nyeusi yenye mafuta, ringi za kompresa zimechoka na zinapitisha oili. Mpira wa vali za breki utavimba, na breki zitaanza kuchelewa kuachia. Usisubiri dalili hiyo mlimani.

La pili ni chujio la dizeli lenye kikombe cha kutenganisha maji. Limwage asubuhi kabla ya kuwasha, maana usiku maji yametuama chini.

Unapokagua gari la mtumba, soma namba ya chasisi: yenye herufi na tarakimu 17, ikianza na MAT, ni ya Tata Motors. Namba iliyopigwa kwenye fremu ilingane na ya kibati na ya kadi. Sehemu ya fremu iliyosuguliwa au kupakwa rangi mpya hapo tu ni sababu ya kutosha ya kuondoka.

Land Rover ni ya Tata kweli?

Ndiyo, tangu Juni 2008. Tata Motors ilizinunua Jaguar na Land Rover kutoka Ford kwa dola bilioni 2.3. Magari ya kabla ya hapo, zikiwamo Defender nyingi zinazobeba watalii Serengeti na Maasai Mara, hayakutengenezwa chini ya Tata. Defender ya zamani ilikoma kutengenezwa Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016. Mpya inaundwa Nitra, Slovakia.

Kwa mwenye gari jambo hili lina uzito wakati wa kutafuta spea. Wakala wa malori ya Tata kwa kawaida hana spea za Land Rover, na injini zenyewe zinatofautiana: Td5 iliishia mwaka 2007, ikafuata ya lita 2.4 yenye asili ya Ford, kisha ya lita 2.2 kuanzia 2012. Ukienda dukani beba namba ya chasisi inayoanza na SAL, si picha ya gari. Alama ya kumi katika namba hiyo inaonyesha mwaka wa modeli: 8 ni 2008, A ni 2010, C ni 2012. Fundi akisema "zote zinaingiliana", mwonyeshe alama hiyo.

Septemba 2025 uvamizi wa kimtandao ulisimamisha viwanda vya Jaguar Land Rover kwa muda wa wiki tano hivi, na usambazaji wa spea ukatatizika. Anayeendesha kampuni ya utalii aweke akiba ya filta, mikanda, pedi za breki na pampu ya maji kabla ya msimu.

Tangu Oktoba 2025 malori na magari madogo ya Tata Motors yamegawanywa katika kampuni mbili zilizo mbalimbali. Land Rover iko upande wa magari madogo.

Ziwa Magadi la Kenya linahusianaje na Tata?

Huu ndio uhusiano wa karibu kuliko wote kwa Afrika Mashariki. Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa 1911, na mwaka 2005 Tata Chemicals iliinunua pamoja na mama yake, Brunner Mond ya Uingereza. Leo inaitwa Tata Chemicals Magadi.

Ziwa liko Kaunti ya Kajiado, kwenye sakafu ya Bonde la Ufa. Chemchemi za moto huleta chumvichumvi, jua linakausha maji, na ukoko mgumu wa trona, yaani magadi ghafi, unajijenga juu. Mashine huuchimba ukoko huo, unasagwa, unaoshwa, kisha unachomwa kwenye tanuri. Moto hufukuza maji na kaboni dayoksaidi, na kinachobaki ni magadi makavu ya kiwandani. Yanapakiwa kwenye treni kupitia reli ya tawi inayoungana na reli kuu Konza, hadi bandari ya Mombasa.

Matumizi yake makubwa ni vioo. Mchanga peke yake huyeyuka karibu na nyuzi 1,700 za Selsiasi, joto ambalo ni ghali mno kulifikia. Magadi hulishusha. Katika kioo cha kawaida cha chupa au dirisha, mchanga ni asilimia 70 na kitu, sodiamu inayotokana na magadi ni kama asilimia 13, na chokaa inafuata. Sabuni ya unga nayo huyahitaji ili kulainisha maji.

Mgogoro haukukosekana. Kampuni na Kaunti ya Kajiado wamepelekana mahakamani kuhusu kodi ya ardhi, na wakazi Wamaasai wamekuwa wakidai sehemu kubwa zaidi ya manufaa ya ardhi ya mababu zao. Ni madai yanayostahili kusikilizwa kwa uzito, kwa sababu trona inachimbwa hapo na watu wa hapo ndio wanaoishi na vumbi.

Magadi hayo ndiyo ya kulainishia maharage?

Magadi ghafi ya sokoni hutoka kwenye maziwa ya aina hii, lakini si bidhaa iliyosafishwa kwa ajili ya chakula. Yana floridi nyingi, na mtoto anayekula chakula cha magadi kila siku wakati meno yanaota anaweza kupata madoa ya kahawia ya kudumu. Loweka maharage saa 8 hadi 12, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya. Yataiva bila magadi.

Chumvi ya Tata ina tofauti gani na nyingine?

Ilianza kama zao la ziada. Kiwanda cha Tata Chemicals cha Mithapur, Gujarat, kilihitaji maji yasiyo na chumvi kwa ajili ya boila katika eneo kame. Kikawa kinavukiza maji ya bahari, kinachukua mvuke, na chumvi safi inabaki. Mwaka 1983 chumvi hiyo ikaanza kuuzwa kwenye pakiti za kilo moja, ikiwa na madini joto, wakati Wahindi wengi walikuwa wakinunua chumvi ya mawe kwa kupimiwa. Leo inauzwa na Tata Consumer Products.

Viwango vya India vinataka madini joto yasipungue sehemu 15 kwa milioni pakiti inapomfikia mlaji. Huko jikoni yanapungua kwa unyevu, joto na mwanga: mimina chumvi kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, kiwe mbali na jiko, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Kiasi cha mtu mzima kwa siku ni chini ya gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, chumvi ya mkate na ya vitafunio ikiwa ndani ya hesabu. Ile ya Tata Salt Lite ina sodiamu pungufu kwa asilimia 15 kwa kuwa sehemu yake ni kloridi ya potasiamu. Mgonjwa wa figo asiitumie kabla ya kumwuliza daktari.

Kwa nini chai ya Tetley ya Ulaya haikolei kama ya nyumbani?

Kampuni ya chai ya Tata iliinunua Tetley ya Uingereza mwaka 2000 kwa pauni milioni 271, na mchanganyiko wake una majani ya Kenya na Assam. Kwa hiyo shida si majani bali ni namna ya kupika. Kifuko kina gramu 2 au 3, na kimepimwa kwa kikombe kimoja cha maji yanayotokota, dakika 3 hadi 5, maziwa yakija mwisho. Ukitia maziwa na kifuko pamoja, joto linashuka na rangi haitoki. Kwa chai ya maziwa ya vikombe vinne, chemsha nusu lita ya maji na vifuko vitano vilivyopasuliwa kwa dakika 3, pamoja na tangawizi na iliki, kisha ongeza nusu lita ya maziwa, iache ipande mara mbili, chuja.

Nikinunua dhahabu ya Tanishq, niangalie nini?

Tanishq ni duka la vito la Titan, kampuni iliyoanzishwa 1984 na Tata pamoja na shirika la maendeleo la jimbo la Tamil Nadu. Ilipata jina kwa kuweka dukani mashine ya miale inayopima usafi wa dhahabu kwa dakika chache bila kuiyeyusha, na wateja wengi wakagundua dhahabu yao ya zamani haikuwa ya karati walizoambiwa.

Ndani ya India, kila kito kiwe na alama tatu: nembo ya BIS (shirika la viwango la India), usafi (22K916 kwa karati 22, 18K750 kwa karati 18), na namba ya HUID yenye herufi na tarakimu sita, ambayo ni lazima tangu tarehe 1 Aprili 2023. Ingiza HUID kwenye programu ya simu ya BIS Care. Itakuonyesha aina ya kito na usafi wake. Ikileta hereni wakati umeshika bangili, rudisha.

Bei ipigie hesabu mwenyewe. Tuseme gramu ya karati 22 ni rupia 9,000 na kito ni gramu 10: dhahabu ni 90,000. Ufundi wa asilimia 12 ni 10,800. Jumla 100,800, ongeza kodi ya asilimia 3, yaani 3,024, unalipa 103,824. Siku ya kuuza, ule ufundi na kodi havirudi. Kito chenye mawe, dai uzito wa mawe utolewe kabla ya kuzidisha bei ya dhahabu. Dubai, kodi ni asilimia 5, na mgeni anaweza kurudishiwa sehemu yake uwanja wa ndege akitunza karatasi.

TCS iliyoandikwa kwenye mbio za London na New York ni nini?

Ni Tata Consultancy Services, iliyoanza 1968, mdhamini mkuu wa mbio hizo mbili. Kelvin Kiptum alipokimbia London kwa saa 2:01:25 mwaka 2023, mbio zilikuwa na jina hilo. Kazi yao halisi haionekani: mifumo ya benki, pasipoti za India, na Uingereza mfumo wa pensheni ya NEST, ambamo wafanyakazi wengi wa Kiafrika wa hoteli, usafi na uangalizi wa wazee wameandikishwa na waajiri wao. Ukihama nyumba, badilisha anwani kwenye akaunti yako ya NEST moja kwa moja. Maswali ya akiba yaende NEST, siyo TCS.

Air India?

J.R.D. Tata wa familia hiyohiyo alirusha ndege ya barua kutoka Karachi hadi Bombay tarehe 15 Oktoba 1932. Shirika alilolianzisha likawa Air India, likafika Nairobi mwaka 1950, likataifishwa 1953, na likarudi kwa Tata Januari 2022 kwa rupia bilioni 180, nyingi zikiwa madeni yaliyochukuliwa. Tarehe 12 Juni 2025 ndege yake ya Boeing 787 ilianguka Ahmedabad baada tu ya kupaa kwenda London: kati ya watu 242 waliokuwamo alipona mmoja, na wengine 19 walikufa chini. Tata iliahidi kila familia rupia milioni 10.

Hospitali ya saratani ya Tata Memorial ni ya kundi hili? Nijiandaeje kwenda?

Ilijengwa na mfuko wa Sir Dorabji na kufunguliwa Mumbai mwaka 1941, lakini tangu 1957 ni ya serikali ya India, na tangu 1962 iko chini ya Idara ya Nishati ya Atomu. Kupiga simu kampuni ya Tata kuomba nafasi hakusaidii. Andikisha kwa hospitali yenyewe. Wagonjwa ni wengi mno, wa ndani na wa nje, kwa hiyo fika umejiandaa.

Kinachochelewesha wagonjwa kutoka kwetu ni vipimo vilivyoachwa nyumbani. Chukua kutoka maabara vitalu vya nta vyenye kinyama chako pamoja na slaidi zake, siyo majibu ya karatasi tu. Madaktari wa saratani husoma upya wenyewe. Chukua picha za CT au MRI kwenye diski, pamoja na orodha ya dawa na tarehe za kila dozi ya kemo.

Viza iwe ya matibabu, na msindikizaji wako awe na ya msindikizaji. Viza ya matibabu ya mtandaoni ni ya siku 60 na kuingia mara tatu. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima ukitoka nchi zilizo kwenye orodha ya India, kama Kenya, Uganda, Burundi au Kongo, na huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Anayefika bila kadi hiyo anaweza kutengwa hadi siku 6, mgonjwa au mzima.

Je, kundi hili lina lawama?

Lipo la kulaumiwa. Januari 2006 polisi waliwapiga risasi na kuwaua wanavijiji wa Kalinganagar, Odisha, waliopinga kiwanda cha chuma cha Tata Steel kwenye ardhi yao. Mwaka huohuo huko Singur, Bengal Magharibi, wakulima walipinga kuchukuliwa kwa karibu ekari 1,000 za kiwanda cha Nano, gari lililoahidiwa kwa laki moja ya rupia. Kiwanda kilihamia Gujarat 2008, Mahakama ya Juu ya India ikabatilisha utwaaji wa ardhi hiyo 2016, na Nano lenyewe likakoma 2018 baada ya mauzo kudorora. Port Talbot, Wales, matanuri mawili ya mwisho ya chuma ya Tata Steel yalizimwa 2024 na ajira zaidi ya 2,000 zikapotea, ili yajengwe ya umeme yenye moshi mdogo. Wafanyakazi waliofanya kazi pale maisha yao yote walistahili mpito wa taratibu zaidi.

Naweza kununua hisa za Tata?

Tata Sons haiuzwi sokoni. Zinazouzwa Mumbai ni za kampuni mojamoja: TCS, Titan, Tata Steel na nyingine. Anayekuuzia "hisa za Tata Group" kupitia simu anauza kitu ambacho hakipo.

Nimepata ujumbe wa ajira au zawadi kutoka Tata. Ni wa kweli?

Angalia mambo matatu. Anwani ya barua pepe iishe na jina la kampuni husika, siyo Gmail wala jina lenye herufi moja iliyoongezwa. Nafasi iwepo kwenye tovuti ya kampuni hiyo ukiifungua mwenyewe, bila kupitia kiungo ulichotumiwa. Na kusiwe na malipo: kampuni za Tata hazitozi ada ya usaili, ya mafunzo, ya viza wala ya "kompyuta ya kazini". Viungo vya WhatsApp vinavyoahidi gari kwa kuadhimisha miaka ya kampuni, halafu vikakutaka utume kwa watu 20, ni vya kuiba taarifa. Ukishatuma pesa kwa simu, piga mtandao wako mara moja waombe kuuzuia muamala kabla haujatolewa, hifadhi ujumbe wote, kisha nenda polisi ukiwa na namba ya muamala.